Kitabu Chenye Madoa ya Chai

Mimi ni msimamizi wa jengo la biashara la ghorofa nne, na kwa miaka kumi na mmoja watu wameniita Bwana Funguo kwa sababu ya zigo la funguo ninaloning'iniza kiunoni. Jina hilo nalipenda. Linaficha ukweli kwamba funguo zenyewe zilikuwa hazitoki mbali na meza yangu, maana magoti yangu na ngazi haviivi chungu kimoja.

Chini kuna duka la vifaa vya umeme na kinyozi. Ghorofa ya kwanza ni mawakili, ya pili daktari wa meno, ya nne maghala. Ya tatu ni karakana ya ushonaji ya shangazi yangu. Huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, na mpaka leo, nikiwa na hamsini na mbili na mvi kichwani, ananiita "wewe mtoto" mbele ya wapangaji. Sina mzazi mwingine. Kwa hiyo nikisema nilikuwa na mtu wangu ghorofa ya tatu, naomba nieleweke.

Mwezi wa tano maji ya mvua yaliingia kwenye mfumo wa kengele za moto, ukafa wote. Fundi akasema vipuri vitachukua siku kumi na mbili kufika. Mkaguzi wa zimamoto, mtu mfupi asiyejua kucheka, akanipa njia mbili: nifunge jengo, au nilete walinzi wa moto. Si walinzi wa wezi. Hawa ni watu wa kuzunguka kila ghorofa kila nusu saa, mchana na usiku, wakinusa na kukagua, na kila mzunguko wanauandika kitabuni. Kazi nyingine yoyote hawagusi.

Alipofika mlangoni akageuka. "Watakuja na maneno mengi," akasema. "Waombe kitabu cha kazi yao ya mwisho. Kisome."

Shangazi alikuwa na sare za shule mbili za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nilipomtajia kufunga, hata mguu hakuutoa kwenye cherehani.

"Funga," akasema. "Nitahamishia mafundi wangu wanane sebuleni kwako. Mkeo ataniambia pasi tuziweke wapi."

Basi nikaita kampuni.

Wa kwanza alikuja na tai, viatu vinang'aa, na kitabu chenye jalada la plastiki. Shangazi, aliyeshuka kwa udadisi, alimpenda papo hapo. "Huyu mtu nadhifu," akaninong'oneza. "Mchukue." Nikafungua kitabu. Saa nne kamili, shwari. Saa nne na nusu, shwari. Saa tano kamili, shwari. Siku tisa nzima za shwari, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata wino haukubadilika rangi. Wahenga walisema mwivi hushikwa na mwivi mwenziwe. Mimi mwandiko ule niliufahamu. Ni mwandiko wa mtu aliyekaa kitini. Nikamshukuru, nikamwambia nitampigia, na sikumpigia.

Wa pili akataka kuniletea mlinzi mmoja wa kazi zote: akae getini, aandikishe wageni, na moto pia auangalie.

"Moto haupiti getini ukaandikisha jina," nikamwambia. Akaona namfanyia dhihaka, na kweli nilikuwa namfanyia.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye raba miguuni na filimbi shingoni. Alikuwa zimamoto kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuanzisha kazi yake na wadogo zake wawili. Huko kikosini walimpachika jina la Mama Pua, naye akalibeba hadi kwenye kadi yake ya biashara. Nilipoanza kumuuliza maswali akainua mkono.

"Kwanza tuzunguke," akasema.

"Mimi magoti—"

"Basi nisubiri hapa. Soma hiki."

Akanitupia kitabu, akapanda. Kilikuwa kichafu. Kina madoa ya chai, kurasa zimejikunja, wino wa bluu, wino mweusi, sehemu nyingine penseli. Saa nne na dakika saba. Saa nne na dakika thelathini na tisa, nimechelewa, nilikuwa namtafuta mwenye ufunguo wa stoo. Mpishi ameacha jiko linawaka, nimemwita, amezima, amenuna. Mlango wa nyuma umezibwa na maboksi, nimesema. Hayajatolewa, nimesema tena. Nimesema tena. Yametolewa. Nilicheka peke yangu mle ofisini. Nikajua nimepata mtu.

Kicheko kilikatika aliposhuka. Alikuwa amebeba mtungi wa kuzimia moto wa ghorofa ya tatu, na kadi yake ya ukaguzi inaning'inia. Akauweka mezani pangu taratibu.

"Bwana Funguo, huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa tano."

"Mbona wewe umeshakagua mpaka wa kumi na mbili?"

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Januari, nilikuwa nakusanya kadi zote za mitungi, nakaa na chai yangu, na kuzitia sahihi za mwaka mzima. Halafu nampa mfagiaji azirudishe. Nilijiona mjanja. Sasa Mama Pua akanigeuzia kile kidude cha kupimia. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu, mtungi mtupu kama ndoo ya plastiki.

"Nani yuko ghorofa ya tatu?" akauliza.

"Shangazi yangu."

Hakunihubiria. Angeweza kumpigia mkaguzi simu, na mimi ningekuwa nje ya geti jioni ile ile. Alisema tu, "Vaa viatu vizuri." Tukapanda pamoja, ngazi kwa ngazi, mimi nikihema na yeye akinisubiri, tukapima mitungi yote kumi na minne. Mitatu ilikuwa mitupu. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeleta mingine mitatu iliyojaa, na kadi zote za uongo nimezichana kwa mkono wangu.

Siku zilizofuata, yeye alizunguka mchana, wadogo zake usiku. Na vita vikaanza. Shangazi alikuwa amepanga majora ya vitambaa mbele ya mlango wa ngazi za nyuma, mpaka juu. Mama Pua akamwambia ayatoe. Shangazi akamwambia yamekaa hapo tangu yeye hajaota meno. Nusu saa ikipita, Mama Pua anarudi: "Mama, majora." Nusu saa nyingine: "Mama, majora." Siku ya tatu shangazi alinipigia simu, sauti imekauka.

"Wewe mtoto, huyu polisi wa moshi umemtoa wapi? Njoo uyahamishe, nimechoka kuisikia sauti yake."

Nikayahamisha.

Siku ya saba umeme ulikatika saa sita na nusu mchana. Mafundi wa shangazi wakaenda kula. Yeye, kama kawaida yake, alijilaza kwenye benchi nyuma ya pazia, sikio zima likiwa limelalia mto. Lile la pili halisikii siku nyingi. Mama Pua alimaliza mzunguko wake wa saa nane, akaja ofisini kwangu, nikammiminia chai. Mara taa zikawaka na feni ikaanza kuzunguka.

"Alhamdulillahi," nikasema.

Yeye akaweka kikombe chini, akasimama.

"Si umetoka kuzunguka sasa hivi?"

"Umeme umerudi," akasema, kama vile hilo ni jibu. Akaondoka bila kunywa hata funda moja.

Nilikuwa bado naichekea chai yake inayopoa niliposikia filimbi. Mara tatu, kisha sauti yake ikashuka ngazi zote: "Moto! Ya tatu! Tokeni wote!"

Sikumbuki magoti yangu. Nakumbuka daktari wa meno akishuka na mgonjwa wake mwenye pamba mdomoni, nakumbuka nikipishana nao, nikipanda huku wenzangu wanashuka. Ghorofa ya tatu ilikuwa imejaa moshi mzito wa kitambaa. Mama Pua alikuwa amepiga goti karibu na meza ya pasi, anapuliza unga mweupe chini ya miali, kushoto, kulia, kushoto. Pazia lilikuwa limefunguliwa. Benchi lilikuwa tupu.

"Shangazi yuko wapi?" nikapiga kelele.

"Ngazi za nyuma! Nimemtoa kwanza!"

Moto ukalala. Fundi mmoja alikuwa ameacha pasi kifudifudi juu ya rundo la sketi, swichi haijazimwa, maana umeme ukikatika nani hukumbuka swichi? Nusu ya meza ilikuwa mkaa, na jora lililokuwa kando yake limeungua hadi moyoni. Pazia lenyewe lilikuwa limeanza kuwa jeusi upande wa chini. Nikautazama mtungi mikononi mwake. Ulikuwa ule mpya wa ghorofa ya tatu, niliouleta badala ya ule mtupu. Nikaketi sakafuni kwenye unga, nikalia kama mtoto, na sikuona aibu.

"Asante," nikamwambia. Nilisema asante mara ngapi sijui. Neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini sikuwa na jingine.

Mama Pua alikuwa na lengelenge kwenye kiganja. Akalipuliza, akaitazama saa yake.

"Nenda kwa mzee wako," akasema. "Mimi bado nina ghorofa ya nne."

Nikashuka kwa ngazi za nyuma, mlango wazi, njia nyeupe. Shangazi alikuwa uani, amekalia kreti ya soda, kilemba kimemkaa upande, watu wote wa jengo wamemzunguka. Aliponiona akaanza hapo hapo. Kwamba sketi ishirini zimeharibika. Kwamba yule mwanamke amemvuta mkono kama gunia. Kwamba mimi mtu mzima nalia hadharani, kiatu kimoja nimekiacha wapi, na shati langu lina unga kama mwokaji.

Nikapiga magoti mbele yake, nikaishika mikono yake yote miwili. Ilikuwa ya moto.

"Na sasa unacheka nini, wewe mtoto?"

"Endelea, shangazi," nikamwambia. "Endelea tu kunigombeza."