Komamanga Shavuni mwa Dorra

Dorra alizaliwa na baka jekundu shavuni, kuanzia chini ya jicho mpaka kwenye taya. Siku hiyo hiyo bibi yake mzaa baba, Bi Mannubia, alishatoa hukumu: "Jalila alitamani komamanga, akanyamaza, akajishika shavu. Angesema, mwanangu Hedi angelitafuta hata kwa adui!"

Mji mzima wa Testur ukaafiki. Huku kwetu mjamzito akikosa anachokitamani, pale anapojigusa ndipo mtoto anapotoka na alama ya chakula hicho. Jalila, mama yake Dorra, hakutamani komamanga wala nini. Miezi yote tisa alikuwa akitapika tu. Lakini utabishana na mji mzima kwa mdomo gani?

Kosa la Jalila mwenyewe lilikuja baadaye. Dorra alipotimiza miaka sita na kuanza shule, wenzake walimwita "Kaungua". Alirudi analia, na Jalila, kwa uchungu, akamwambia: "Hujaungua, kipenzi. Hilo ni komamanga langu. Nililitamani nikalikosa, ndiyo ukazaliwa na utamu wake." Mtoto akacheka, na mama akajiona hodari. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikumaliza hata wiki mbili.

Alhamisi, Dorra alipita kwa bibi yake akitoka shule, akaja na mfuko wa makomamanga. Ulikuwa Oktoba, na mwezi huo hupiti mlango wa mtu Testur ukatoka mikono mitupu. Akaweka bakuli mezani, na kando yake kioo cha mkononi.

"Kula, mama."

"Yote haya? Kwani nimekuwa ngamia?"

"Uliyakosa siku ile. Ukishiba, litatoka. Kesho tunapigwa picha ya darasa."

"Dorra, mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyo. Mzuri wangu."

"Wewe ni mama. Wewe huhesabiwi. Kula."

Akala. Angefanya nini? Akala la kwanza, akala la pili, vidole vikawa vyekundu, na kila baada ya vijiko viwili mtoto alijitazama kiooni na kujisugua shavu. "Bado. Endelea." Kwenye la tatu akanuna. "Huli kwa hamu! Kula kama mtu mwenye hamu!"

Basi yule mama akajilamba midomo, akasema mmh, utamu gani huu, huku machozi yakimlengalenga. Ni aibu mtu mzima kuigiza njaa mbele ya mwanawe, na hakujua lingine la kufanya. Kisha akamwona Dorra amefumba macho, midomo inachezacheza, anaomba dua. Hapo akashindwa. Akaweka kijiko chini.

"Dorra, halitoki. Sikutamani komamanga. Umezaliwa nalo tu."

"Hukukosa kitu?"

"Sikukosa kitu."

"Na baba hakukunyima?"

"Hakuninyima."

Dorra akakilaza kioo kifudifudi mezani.

"Basi ni mimi," akasema. "Nilifanya nini?"

Jalila akamvuta kifuani, vidole vyake vikiacha madoa mgongoni mwa sare. "Hukufanya kitu," akamwambia, "hukufanya kitu, mwanangu." Alilirudia hilo mpaka sauti ikamkauka. Lakini safari hii mtoto hakumwamini.