Komando na Moshi wa Tairi

Tangu mbwa wa jirani yao Mwanamkuu aumwe na nyoka na kufa palepale kwenye lundo la mabua, Biasha hakuwa na raha tena. Kila Komando alipoingiza pua kwenye majani, roho yake yeye ilikuwa juu. "Wewe! Toka huko!" Alimkemea asubuhi, akamkemea mchana, mpaka sauti ikamkauka, na mbwa mwenyewe hana hamnazo, anatikisa mkia tu.

Na mtu asije akadhani Biasha alikuwa mwanamke wa kudekeza wanyama. Mpunga ule wa bondeni, chini ya kijiji cha Mtunda, ndio chakula chao cha mwaka mzima, na nguruwe pori hawana huruma. Msimu uliopita, kabla ya Komando, walilala wana shamba wakaamka wana matope. Mwaka huu Komando aliwatoa nguruwe nduki mpaka wakakoma. Sasa mpunga umevunwa, umelundikwa kando ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo walichohamia yeye na mumewe tangu mbegu ilipochipua, na kazi iliyobaki ni kupura. Biasha alimpenda mbwa yule na hakuona haya kulisema. Kila baada ya chakula alimdondoshea ukoko kutoka juu, na Komando aliudaka kabla haujagusa chini.

Mumewe, Kondo, alimpenda kwa mbali. Kondo ni mtu wa swala tano na twahara, na mate ya mbwa yakimpata ni shughuli: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Siku Komando alipotoka mtoni akajikung'uta juu ya mkeka wa kusalia, Kondo alipitisha sheria yake. Wakati wa swala ukiingia, mbwa afungwe kwenye nguzo ya dungu, kwa kamba fupi, mpaka yeye atoe salamu. Biasha alinung'unika, lakini alifunga.

Basi Komando alikuwa akifungwa uvunguni mwa dungu, mahali ambapo punje zinadondoka kutoka juu siku nzima na panya wanajilia bila wasiwasi. Wote wawili waliwaona panya wale kila siku, na hakuna aliyejiuliza ni nani mwingine anayewaona.

Akili ya tairi ilikuwa ya Biasha. Nyoka na moshi wa tairi hawakai pamoja, hilo kila mtu bondeni analijua, na yeye hakuona sababu ya kuwa wa kwanza kubisha. Aliokota kipande kwa fundi wa bodaboda kule barabarani, akakibeba mpaka shambani, na alasiri ile, Kondo alipochukua birika lake akaenda pembeni kutawadha, Biasha akamfunga Komando nguzoni, akakitia kipande moto upande wa pili wa lundo.

"Leo hao nyoka watahama wilaya," alisema peke yake, amefurahi.

Moshi ulipanda mweusi tititi. Kisha upepo ukaukandamiza, ukaingia wote ndani ya lundo na kutokea uvunguni mwa dungu. Komando akapiga chafya. Panya wakatoka, wawili, watano, kundi zima, wakampita mbwa miguuni wakikimbilia shambani. Biasha akacheka. Kicheko hakikufika mbali, kwa sababu nyuma ya panya alitoka swila, yule nyoka anayetema sumu machoni, mrefu, rangi ya tope kavu, na njia yake ilipita palepale alipofungwa mbwa.

Komando hakuwa mbwa wa kurudi nyuma. Aliruka, kamba ikamkaba, akaanguka. Akaruka tena. Swila akainuka, akatandaza shingo.

"Baba Salama!" Biasha alimwita mumewe kwa ukelele uliowarusha ndege shamba zima. "Nyoka! Komando kafungwa!"

Alikuwa bado kuifunga midomo, nyoka akatema. Hakuona kitu kikiruka. Aliona mbwa akijipigiza chini, akilia mlio ambao Biasha hajapata kuusikia, akijikwangua uso kwa kucha. Hapo woga ulimtoka, zikampanda hasira. Alinyakua ungo uliokuwa karibu, akaurusha kwa nguvu zake zote. Ungo ukamwangukia swila kichwani. Nyoka akajiviringa, akachomoka, akapotelea nyuma ya ngazi ya dungu.

Kondo akaja mbio, msuli kaukunja mkono mmoja, birika mkono wa pili. Biasha alidhani atasimama. Mtu ameshatawadha, swala iko mlangoni, mbwa ametapakaa mate kuanzia pua mpaka kifuani. Kondo hakusimama. Alitua birika uwanjani, akaziba macho yake kwa kiganja, akachungulia katikati ya vidole, akachomoa mundu uliokuwa umechomekwa nguzoni na kuikata kamba kwa pigo moja. Kisha akamkumbatia Komando mzimamzima, kama mtu anayebeba gunia la mpunga linalovuja, akatoka naye uwanjani.

"Mpigie Faraja! Mama Salama, mpigie Faraja upesi!"

Faraja ndiye bwana mifugo wa huko, ingawa ni mwanamke, na watu wamezoea kumwita hivyo hivyo. Simu ilikuwa juu ya dungu, maana bonde zima mtandao unapatikana huko tu. Na ngazi ya dungu ndipo alipoingia swila.

Biasha ana wajukuu. Nguzo hajapanda tangu alipokuwa kigoli. Siku ile aliikumbatia nguzo ya upande wa pili, akajivuta, akateleza, akapiga moyo konde akajivuta tena, khanga ikabaki chini, na hajui hata leo alifikaje juu. Alichojua ni kwamba anakohoa moshi wa tairi lake mwenyewe na simu iko sikioni.

"Shikamoo, mama," alisema Faraja.

"Marahaba, mbwa anakufa! Swila kamtemea machoni!"

"Sumu imemwingia machoni tu, au kaumwa?"

"Baba Salama! Ana jeraha?"

Kondo alimpekua mbwa miguu, shingo, pua, kwa mikono yake miwili. "Hana! Macho tu!"

"Basi hafi," alisema Faraja. "Lakini anaweza kupofuka. Maji, mama. Maji safi, mengi, mmiminieni machoni taratibu bila kusita. Msimsugue, na yeye msimwache ajikune. Msimkamulie tumbaku, sijui majani, sijui nini. Maji tu!"

Kutoka juu Biasha aligeuka kipaza sauti. "Maji! Usimsugue! Mshike mikono!"

"Mbwa ana mikono?" alifoka Kondo, lakini alishaibana miguu ya mbele kwa goti, kichwa cha Komando kiko kifuani mwake, na maji ya udhu yanamiminika kutoka kwenye birika, jicho hili, jicho lile. Birika likaisha. Biasha akatazama chini, akamwona swila akijivuta polepole kuelekea kwenye matete, anakwenda zake. "Kaondoka!" Aliteremka ngazi mbili mbili, akachukua ndoo ya maji ya kunywa, yale aliyoyatoa mbali asubuhi, akayamimina yote. Kisha akamimina na dumu la akiba. Walimimina mpaka wote watatu wakawa wanatetemeka, na hakuna aliyekuwa mkavu wala twahara.

Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi Kondo alipokwenda kujiosha, mara saba na udongo wake, akawahi alasiri kwa taabu. Biasha alikaa chini, kichwa cha mbwa pajani. Macho ya Komando yalikuwa yamevimba na kuziba kabisa.

"Mimi ndiye niliyemtoa yule nyoka," alimwambia mumewe aliporudi. "Mimi na tairi langu."

"Na mimi ndiye niliyesema afungwe," alijibu Kondo.

Faraja alifika kesho yake kwa pikipiki, akammulika Komando, akamtia dawa ya macho, kisha akazunguka dungu na kuwapa vipande vyao. Moshi haumzuii nyoka, aliwaambia, unamtoa alipo, na akitoka hachagui pa kupita. Punje zinaleta panya, panya wanaleta nyoka, na ninyi mkamtafutia mbwa chumba katikati yao! Tena kwa kamba, asiweze hata kukimbia! Biasha akainamisha kichwa. Kondo akaanza kazi kabla pikipiki haijaondoka. Alihamisha lundo kwenda mbali, akafyeka majani, akafagia uvungu mpaka ukang'aa. Kisha akamjengea Komando kichanja chake uwanjani, peupe, kimeinuka kutoka ardhini. Wapita njia walicheka kwamba mbwa naye kapata dungu. Kondo aliwaacha wacheke.

Lakini uvimbe ulipopungua, Komando alibaki anakwenda kwa pua. Alijigonga kwenye ndoo. Alijigonga kwenye mguu wa Biasha. Ukoko ulidondoka mbele yake na yeye akaunusanusa chini kuutafuta, na Biasha akageuza uso asione anavyoutafuta. Aliendelea kumtia dawa asubuhi na jioni, huku akijilaumu kimoyomoyo.

Mchana mmoja alikuwa ameshaivisha wali na kukaanga kambale. Kondo alikuwa ameketi kwenye mkeka, sahani mbele yake. Komando akakohoa kule kichanjani, na Kondo akamtazama kwa muda. Kisha akachukua kipande cha samaki, akakiinua juu.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza."

Upepo ulikuwa unatoka upande wa mbwa, kwa hiyo harufu haikuweza kumfikia. Kondo akapeleka mkono kulia. Kichwa cha Komando kikaenda kulia. Akaupeleka kushoto, polepole. Kichwa kikafuata.

"Kaona," alinong'ona Kondo. Kisha akainuka, msuli nusura umdondoke. "Kaona! Mama Salama, mbwa kaona!"

Akamrushia. Komando akaruka kutoka kichanjani na kukidaka kipande hewani.

Biasha alilia na kucheka kwa pamoja, khanga kaibana mdomoni. Kondo hakutosheka. Alitaka kuhakikisha jicho la kulia, akarusha kipande kingine. Akataka kuhakikisha la kushoto. Kisha akasema labda ile ya kwanza ilikuwa bahati tu, akarusha tena, huku anapiga vigelegele kama mwanamke arusini. Walipokaa kula, sahani ya kambale ilikuwa tupu. Walikula wali mkavu, wakanyunyizia chumvi, na Biasha akapakua mara mbili.