Familia ya Nne

Orodha ilibandikwa ukutani nje ya ofisi ya askofu, Jumapili ya pili ya mwezi wa tano mwaka 2006, na Émilienne alikuwa wa mwisho kuisoma. Alikuwa bado anakunja viti vya darasa la watoto. Alipotoka aliwakuta wenzake wamekwisha kuiona, wanamtazama kwa nyuso za watu wenye jambo la kuchekea.

"Hongera, Mama Miradie," alisema Gakii, nesi wa Kimeru aliyekuwa kiongozi wa wasichana. "Umeolewa, na sisi hata soda hatujanywa."

Émilienne alisogea karibu. Miaka mia moja na hamsini iliyopita, waumini wa kwanza wa kanisa lao, wengi wao wakitoka hapa hapa Uingereza, walivuka nyika za Amerika kwa miguu wakivuta mali zao kwenye mikokoteni. Mwezi wa saba vijana wa kanisa wangeigiza safari ile kwa siku tatu, huko kwenye vilima vya kaskazini, wamevaa nguo za zamani na wamegawanywa kwa familia. Kila familia ilikuwa na vijana kumi, mkokoteni mmoja, baba mmoja na mama mmoja. Kwenye familia ya nne iliandikwa: Baba, Tom. Mama, Émilienne. Na kati ya majina kumi ya watoto, la tatu lilikuwa la binti yake.

"Mimi nilijiandikisha kushona," alisema.

"Utashona pia. Nani amekukataza?"

"Na Miradie? Si mlisema mtoto haendi kwenye familia ya mzazi wake?"

Gakii alijishughulisha na mkoba wake. "Kuna mambo huwa tunalegeza," alisema.

Tom alikuwa amesimama kando akizungusha funguo za gari kidoleni. Alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Kisumu, mpanga mizigo kwenye ghala moja la Edmonton, mtu wa maneno machache. "Mama Miradie, kama kuna shida, sema tu," alisema. "Hakuna atakayekasirika."

"Hakuna shida," alijibu Émilienne, na akacheka kidogo kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka.

Alienda nyumbani kwa miguu akaliacha basi lipite.

Kwa miaka kumi Émilienne alikuwa amejiwekea utaratibu wake. Kwenye fomu zote za nchi hii, za ukimbizi, za nyumba, za kazi, penye swali la ndoa aliweka alama kwenye "ameolewa". Aliyemuuliza bwana yuko wapi alijibiwa kwamba hajafika. Walipompa karatasi ya kanisa ya kuandika majina ya wafu wake ili wafanyiwe ibada, aliandika babu zake wote na shangazi zake wawili, akaishia hapo. Waliokuja kutoka Bukavu, Kongo, kama yeye waliacha kumuuliza. Walijua kwamba mwanamke akisimama mbele ya watu upande wa mke, na mwanamume mwingine akasimama upande wa mume, hata iwe ni mchezo wa kanisa, kuna kitu kimekwisha kusemwa. Yeye hakuwa amekisema.

Siku ya Jumamosi walianza mazoezi. Mikokoteni yenyewe ilikuwa kaskazini, kwa mkulima mmoja muumini, lakini Tom alikuwa ameunda wa kwao kwa mbao za kitanda kikuukuu na magurudumu mawili ya baiskeli. Waliupeleka kwenye njia ya kando ya mto Lea, wakaujaza magunia ya viazi, na vijana kumi wakaanza kugombea nafasi. Mzungu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama akawapiga picha.

"Ona sasa," alisema Tom. "Nairobi nimevuta mkokoteni soko la Gikomba miaka miwili, hakuna mtu alinipiga picha. Walikuwa wananipigia honi tu."

Vijana walicheka. Hata Émilienne alicheka, safari hii kwa kweli.

Mbele ya mkokoteni kulikuwa na fremu ya mbao ya kuukokota, na ndani yake nafasi ya watu wawili, baba na mama, bega kwa bega. Tom aliingia upande wa kulia. Upande wa kushoto ulibaki wazi. Émilienne alizunguka nyuma, akaweka mikono kwenye ubao pamoja na watoto, akasukuma.

Mkokoteni uliovutwa upande mmoja hauendi sawa. Kila hatua ishirini ulipinda kuelekea majini, nao vijana wakaushika, wakaurudisha, wakaanza tena. "Mum, njoo mbele," aliita Miradie kwa Kiingereza. Aliita mara mbili. Mara ya tatu hakuita, aliinama akaingia mwenyewe kwenye ile nafasi, msichana wa miaka kumi na minne mwenye mikono myembamba, akavuta pale kando ya Tom mpaka daraja la reli. Émilienne, huko nyuma, aliona migongo yao miwili. Aliona jinsi binti yake alivyopunguza hatua ili zilingane na za yule mwanamume.

Walipopumzika, Tom alimletea chupa ya maji. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Umeumia," alisema Émilienne.

"Ni ngozi tu." Alikaa kwenye majani, mbali naye kidogo, kama adabu inavyotaka. Baadaye akasema, bila kumtazama, "Mama Miradie, mimi mke wangu nilimzika. Nilipanda ndege, nikafika, nikatupa udongo na mkono huu. Inaumiza, lakini ukishatupa umetupa. Wewe hukupewa hiyo nafasi. Kwa hivyo mimi siwezi kukuambia ingia hapa mbele."

Émilienne alishukuru kwa kichwa.

Jioni ile jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Miradie alikaa sakafuni akimshikia mama yake pini. Kofia zilikuwa kumi na nne, zile za wanawake wa zamani zenye ukingo mpana na kamba za kufungia kidevuni, na sita zilikuwa tayari. Kama kawaida yao, mama alisema Kiswahili na mtoto akajibu Kiingereza.

"Umechoka?"

"Hapana." Miradie alipanga pini zikafanya mstari kwenye zulia. "Mama, usimkasirikie Dada Gakii. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Ulimwomba nini?"

"Aniweke na wewe. Na aweke Ndugu Tom. Nilimwambia ni siku tatu tu. Nilitaka kuona ikoje, kuwa na wote wawili."

Émilienne aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Shuleni wakiniuliza baba yangu yuko wapi, sijui niseme nini," aliendelea Miradie. "Nikisema amekufa, wewe unanyamaza. Nikisema yuko hai, unanyamaza vilevile. Mimi hata sura yake siijui. Nilikuwa na miaka minne."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Émilienne angejua la kujibu. Alitazama kofia iliyokuwa chini ya sindano, nusu yake imeshonwa, akaanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuyasema, wala kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine.

Alisema vita vilipoingia Bukavu, mwezi wa kumi mwaka tisini na sita, walitoka pamoja asubuhi, watatu. Walipofika njia ya Walungu, bwana wake, Séraphin, alisema hawezi kumwacha mama yake mtaani Kadutu, atarudi kumchukua. Walikubaliana mahali, chini ya daraja dogo la mawe. Séraphin alisema, nisubiri mpaka saa sita ya mchana. Kama sijafika saa sita, nenda na mtoto.

"Na hakufika," alisema Miradie.

"Sijui. Niliondoka saa nne."

Pini moja ilianguka, na Miradie hakuiokota.

"Kulikuwa na milio karibu. Watu walikuwa wanakimbia, na weye ulikuwa unalia, nikaogopa watatusikia. Nilikubeba nikaenda. Kwa hiyo sijui kama alifika. Labda alifika saa tano. Labda alisimama pale chini ya daraja akatuita." Sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kazini, kwenye nyumba ya wazee, kuwaelekeza wazee wapi pa kuweka mguu. "Mtu niliyemwahidi kumsubiri, nilimpunja saa mbili. Ndiyo maana nikaona basi, nimsubiri huku. Miaka hii yote nimemsubiri huku."

Nje, basi lilipita likitikisa kioo cha dirisha. Miradie alisogea, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu shule ya msingi.

"Watu wakifa kule kwetu, mnafanyaje?" aliuliza.

"Tunakaa matanga. Viti na meza vinasogezwa ukutani, magodoro yanawekwa chini. Watu wanakaa na weye siku tatu. Chakula hakipikwi na mwenye msiba, jirani ndiye anapika. Siku ya tatu unaoga, unatoka."

"Mbona sisi hatukukaa?"

"Mtu hakai matanga ya mtu anayemsubiri."

Miradie alifikiri. Halafu akauliza kwa upole, kama mtu anayejaribu barafu kwa ncha ya kiatu, "Bado unamsubiri?"

Émilienne alifungua mdomo kusema ndiyo. Neno hilo alilizoea, halikuwa na uzito wowote mdomoni. Jioni ile halikutoka.

Jumapili iliyofuata alimwendea Gakii jikoni mwa kanisa na kumwomba achukue nafasi yake kwenye familia ya nne.

Gakii aliweka sinia chini. "Ni ule mzaha wangu wa soda? Haki, nilikuwa nacheza tu."

"Si mzaha wako. Kofia nitamaliza zote, na aproni. Lakini kule mbele kwenye mkokoteni sisimami."

"Na mtoto? Alikuwa anataka wewe."

"Najua."

Kumwambia Miradie ndiko kulikokuwa kugumu. Alimsikiliza mama yake akiwa mlangoni, mkoba wa shule bado begani.

"Utakuwa na baba na mama," alisema Émilienne. "Siku tatu, kama ulivyotaka. Gakii ana mikono yenye nguvu kuliko yangu."

"Sikumtaka Dada Gakii."

"Nina kazi siku zile."

"Unaweza kuomba ruhusa."

"Nimeshaomba. Si kazi ya pale. Ni ya baba yako."

Miradie alielewa, na uso wake ukawa wa mtu mzima ghafla. "Basi na mimi nibaki."

"Hapana. Mimi ndiye niliyeondoka saa nne, mimi ndiye nina la kumwambia. Lako utamwambia ukirudi. Nenda ukavute."

Ruhusa aliipata kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Kwenye fomu, penye sababu, aliandika kwa herufi kubwa kwamba bwana wake amefariki. Meneja hakuuliza lini. Siku mbili baadaye alimkabidhi kadi yenye maua meupe, iliyotiwa saini na kila mtu wa zamu, hata na wazee wawili wenye mikono ya kutetemeka. Émilienne aliipokea kwa mikono miwili. Hakuona namna ya kuwaeleza kwamba wamechelewa kwa miaka kumi, wala hakuona kwamba ni wao waliochelewa.

Asubuhi ya safari uwanja wa kanisa ulijaa vijana waliovaa sketi ndefu na suruali za kanda za mabegani, wakipigana picha na kuchekana. Kofia zilikaa vizuri. Tom alipakia magodoro ya kupigia kambi, akaja, akasema, "Nitamwangalia," na Émilienne akasema, "Najua." Miradie alimkumbatia kwa nguvu na haraka, akapanda basi. Gakii alikuwa amemshikia kiti kando yake. Basi lilipogeuka kwenye kona, Émilienne alikuwa bado ameinua mkono, na uwanja ulikuwa umebaki na mlinzi wa magari mmoja na makopo ya juisi.

Kwenye flati alianza mara moja, kabla ujasiri haujampungukia. Alivuta kochi mpaka ukutani. Alivuta meza, na kabati la televisheni, na cherehani. Alilaza godoro katikati ya sebule, akatandika shuka, akavua viatu, akafunga kitambaa kichwani, akaketi.

Matanga aliyoyajua yalikuwa na kelele. Kulikuwa na wanawake wa kuimba, wanaume wa kucheza karata uani, watoto wa kukanyaga miguu ya watu. Mtu mmoja akichoka kulia, mwingine alipokea. Hapa alisikia friji tu. Alisema jina la Séraphin mara moja kwa sauti, na chumba hakikumrudishia chochote. Akasema, "Nilikupunja saa mbili," na hapo kilio kikaja, kikavu mwanzoni, kama mashine iliyokaa bila mafuta.

Mlango uligongwa. Aliacha ugongwe mara ya pili, kisha akaenda kufungua.

Alikuwa Mama Balwinder, Mpunjabi wa flati ya chini, mwanamke wa miaka sabini ambaye kwa miaka minne walikuwa wamesalimiana ngazini na kuishia hapo. Alikuja na kidole kimeinuliwa tayari.

"Hizo meza," alianza kwa Kiingereza chake kizito, "saa nzima, juu ya kichwa changu..."

Kisha akaona ndani. Aliona kochi lililosukumwa ukutani, na shuka juu ya godoro katikati ya sakafu tupu, na miguu mitupu ya Émilienne. Kidole kilishuka. Hakuhitaji kuelezwa na mtu; kwao pia huketi chini.

"Nani?" aliuliza.

"Bwana yangu."

"Lini?"

Émilienne alishika kizingiti. "Mwezi wa kumi," alisema. "Mwaka tisini na sita."

Mama Balwinder alihesabu kimyakimya. Hakuuliza kwa nini leo. Aliinama kwa shida, akavua ndara zake moja moja, akaziweka sambamba nje ya mlango, akavuta mtandio kichwani. Aliingia, akaketi kwenye ukingo wa godoro akitoa sauti ya magoti yanayouma, akapiga shuka kando yake kwa kiganja, mara mbili, ili mwenye nyumba naye aketi.

Walikaa hivyo mpaka adhuhuri. Halafu yule mzee alisema mwenye msiba hapiki, akajikokota kushuka ngazi, akarudi na chai ya maziwa iliyonukia iliki. Kanisa la Émilienne lilikataza chai. Aliishika tu kwa mikono miwili, ikampa joto, na Mama Balwinder akaanza kumuuliza habari za Séraphin, alikuwa mrefu au mfupi, na alipenda kula nini.