Mkanda wa Nyamizi

Asteria aliingia Katoro saa nne asubuhi akiwa amevaa sura ya mama yake kifuani. Tisheti zilichapwa mia mbili, na kila aliyekatiza pale ukumbini alikuwa na Nyamizi juu ya tumbo lake: Nyamizi wa afro, mdomo wazi mbele ya maiki, na chini yake maandishi ya rangi ya dhahabu, Nyahanga Jazz. Wengine walikuwa wameshammwagia supu, na ilikuwa bado mapema.

Kila Agosti mashabiki wa Nyahanga Jazz, bendi ya Kahama iliyokufa wengi wao wakiwa bado shule, hukusanyika kuisherehekea. Zamani walikutana Nyahanga kwenyewe, kulekule Kahama. Dhahabu ilipowahamishia mashabiki Katoro, sherehe nayo ikahama. Desturi ni moja: usije mikono mitupu. Ukutani palikuwa na meza ndefu, na juu yake santuri zilizokwaruzika, suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vya mpiga ngoma, hata kijiti chake kilichovunjika, kimelazwa juu ya kitambaa cheupe kama mgonjwa. Watu walivishika viatu vile wakalia. Mpiga ngoma mwenyewe alikufa kwa kukosa dawa za presha, na katika hao waliokuwa wanalia hakuna aliyewahi kumpelekea hata ndizi.

Asteria hakufuata viatu. Alifuata mkanda. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi miwili. Kwenye santuri zote wanaimba wanaume. Nyamizi alirekodiwa mara moja tu, katika studio ya Mwanza iliyokwisha kufungwa, kwenye mkanda wa rili ambao haukutolewa. Baba yake, Mzee Masalu, mpiga gitaa wa bendi, aliutunza sandukuni miaka arobaini na tano bila kuwa na mashine ya kuupigia. Mwezi wa tano akaja Cornel, mwenyekiti wa mashabiki, ambaye pia ana duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, nje kidogo ya mji. Alisema yupo fundi Mwanza atakayeuhamishia kwenye flashi, akaondoka nao.

"Mama Blessing, siku ya sherehe utamsikia mama yako," alimwambia Asteria. "Kwa spika nane!"

Tangu hapo Asteria hakuwa na usingizi wa maana. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, alikuwa akikoroga ugali huku akijiuliza kama sauti ile ni nene au nyembamba, na kama Blessing, binti yake anayeimba kwaya, ameirithi. Aliogopa hata kumwuliza baba yake, asije akaumaliza utamu kabla ya siku yenyewe.

Sasa, pale ukumbini, saa tano akamwuliza Cornel mkanda unapigwa lini. "Subira, ratiba." Saa saba akamwuliza tena. "Acha watu wale kwanza." Saa nane pilau ilipakuliwa, na nyama ilikuwa nyingi kiasi cha kuwashangaza hata wenyeji. Asteria alikuwa katikati ya sahani yake aliposimama mbele yake kijana mwenye mikono iliyochubuliwa na mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi Akida, msimamizi wa duara la bosi Cornel. Nimesema siondoki bila kukushukuru. Mama yako ametutoa! Miezi minane tulikuwa tunapasua mwamba mtupu. Tangu ashushwe, wiki ya pili tu, duara limetema dhahabu."

"Ashushwe nani?"

"Si ule mkanda? Mganga alisema dhahabu ya pale ni ya kike, inataka sauti ya mwanamke marehemu anayependwa bado. Tukauviringishia shuka jeupe, tukaumwagia damu ya mbuzi, tukaushusha mpaka chini kabisa. Ng'ombe hawa tunaowala ndiyo baraka zake." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Aliamini anamshukuru mtu aliyetoa kwa hiari.

Asteria aliitema nyama kiganjani. Nusu sahani ilikuwa imeshashuka tumboni, na hiyo haikuweza kurudi.

Alimkuta Cornel jukwaani akijaribu maiki.

"Mwenyekiti, mkanda uko wapi?"

Cornel alimtazama Akida kwa mbali, akajua. "Uko salama, Mama Blessing. Uko futi mia na ishirini."

"Upandishe."

"Tumeshalipua baruti pale. Na maji yameingia." Akashusha sauti. "Nisikilize. Mimi nampenda mama yako. Ningekuwa simpendi, mganga asingeupokea. Kitu usichokipenda hakiwi kafara. Hata mimi iliniuma."

"Ilikuuma!" Asteria alicheka kicheko kibaya. "Ungemshusha wa kwako basi! Mimi sijamsikia hata mara moja, Cornel. Hata mara moja!"

Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hawakusema marehemu azikwe mara mbili ili watu wapate pilau. Na aibu, kama Cornel alikuwa nayo, haikufika usoni.

"Mwimbaji wetu Loveness yupo," alisema Cornel. "Wazee wamemfundisha ule wimbo wa kwenye mkanda, walikuwa wanausikia dansini. Utaona mwenyewe. Hakuna tofauti."

Akampungia mkono mpiga besi. Loveness, binti kutoka Kalangalala mwenye umri wa kuweza kuzaliwa na Asteria, alipanda na wigi la afro, akafumba macho, akaanza. Ukumbi ulilipuka. Wazee walisimama wakijifuta machozi kwa tisheti zao, wakipiga kelele, "Nyamizi! Nyamizi huyo!" Wachimbaji walipanda kumbandika noti kwenye paji la uso. Asteria alisimama katikati yao akiwachukia mmoja mmoja, huku masikio yake, yenye njaa ya miaka yote ile, yakiisikiliza sauti ya yule binti kwa nguvu. Aliona aibu kwa jinsi alivyoitamani iwe kweli.

Akajipenyeza hadi mbele, kwenye kiti cha heshima. Mzee Masalu alikuwa akilia kimya kimya, gitaa la maonyesho limewekwa magotini pake. Hakuwa ameambiwa lolote.

Asteria alichuchumaa karibu na sikio lake. "Baba, ndivyo alivyokuwa?"

Mzee aliendelea kumtazama binti wa jukwaani.

"Baba. Sauti yake ilikuwa hivi?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ilinitoka akilini zamani, nikaona haya kukwambia. Nangoja mkanda unikumbushe." Akajifuta uso, akamgeukia. "Cornel amekwambia wanaupiga saa ngapi?"