Picha ya Sikio la Rumaisa

Daktari Thuo aliibandika ile picha ya CT kwenye kioo chenye taa, akaweka ncha ya kalamu kwenye kidoa kidogo kilichojisokota mfano wa konokono.

"Hapa ndipo sauti inapogeuzwa ikaeleweka na ubongo. Konokono huyu huzunguka mara mbili na nusu. Wa mtoto wako ameishia moja na nusu. Aliumbwa hivyo tumboni, Bwana Shariff."

"Na yale mafuta? Mkwe wangu alimtia mafuta ya nazi na kitunguu saumu akiwa mchanga."

"Si vizuri kumtia mtoto mafuta masikioni, asirudie. Lakini hayawezi kufika huku ndani. Siyo yaliyomfanya kiziwi. Tena mshipa wa kusikia upo, tunaweza kuzungumzia kifaa cha kupandikiza."

Ilikuwa habari njema, ila Shariff alikumbuka alilolisema. Idi ya mwaka uliopita, 2006, mbele ya wanawake wa mtaa wao wa Bondeni, alimnyooshea kidole Bi Mwanahawa, mama wa mkewe: "Wewe ndiye uliyemziba mjukuu wako masikio!" Tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyempelekea kichanga amkande, kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Hata mjukuu wake Rumaisa, bibi hakumgusa tena.

Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanahawa. Alimkuta akichagua mchele.

"Mama, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Si wewe. Picha imeonyesha alizaliwa hivyo."

Bi Mwanahawa hakuinua uso. "Muda wote huu nimeitazama mikono hii nikaiona ya mkosaji. Ulinisemea wapi, mwanangu?"

"Barazani kwa Mama Sufyan. Mbele za watu."

"Basi mbona leo unaninong'oneza?"

Alasiri ile wanawake walikuwa kwa Mama Sufyan wakikaanga mahamri ya harusi. Shariff alisimama kati yao na picha mkononi.

"Heh! Shariff, leo umetuletea sinema?" mmoja akamtania, wakacheka.

"Nilimsingizia mkwe wangu hapa hapa," alisema, akahakikisha hata wa jikoni wamesikia. "Rumaisa alizaliwa hasikii. Bi Mwanahawa hana kosa. Kosa ni langu."

Kicheko kilikatika. Mama mmoja kijana akampakata mwanawe vizuri.

"Na huyu wangu," akasema, "alilia usiku na mchana, nikamnyima mikono ya yule bibi kwa neno lako."