Mchele wa Venancio

Kwa miaka thelathini na sita, kila sikukuu ya Ukombozi, sahani ya kwanza kutoka jikoni kwangu nilimpelekea Eusebio Quinata. Padri alingoja, mume wangu Ramon alingoja mpaka mwaka aliokufa, watoto walingoja wakilamba vidole. Niliijaza wali mwekundu mpaka pomoni, nikaweka mbavu tatu za kuchoma juu na kuku wa ndimu na nazi pembeni, halafu nikavuka uwanja nayo kwa mikono miwili watu wote wakiona. Nikifika namwita Tun, heshima tunayowapa wanaume wakubwa kama Tan ilivyo ya wanawake, namwambia, "Kula, Tun Eusebio. Wewe umezoea kula kwanza."

Naye hucheka, jino lake la dhahabu likaonekana, akala.

Nilipokuwa bibi arusi nilisikia mahubiri, padri akasema ukimlisha adui yako unamwekea makaa ya moto kichwani. Padri alikuwa anahubiri upendo. Mimi nilisikia makaa.

Basi wiki tatu kabla ya sikukuu ya hamsini tangu vita, Meya wa kijiji chetu alikuja kwangu. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Akainama, akauchukua mkono wangu akauweka puani kama alivyofundishwa na mama yake kuwaamkia wakubwa, nami nikamjibu, "Mungu akusaidie."

"Tan Rufina," akasema, "mwaka huu tunataka siku ya familia hasa. Watoto washindane kukimbia na magunia, wazee wapate turubai lenye kivuli, bia ibaki nyumbani. Wewe utufungulie kwa sala kama kawaida. Halafu tumpe Tun Eusebio ubao wa heshima. Umeshachongwa. Umeandikwa, 'Aliyetulisha Manenggon.'"

"Nani kasema aliwalisha?"

"Mama. Anasema kule bondeni, wakati wa vita, bila wali wa Tun Eusebio maziwa yake yasingerudi, na mimi nilikuwa na miezi miwili. Ningekuwa udongo saa hizi." Akacheka. "Ila kwenye kamati wengine walibisha, wakasema hayo ni maneno ya bibi kizee. Nikawaambia, mtazameni Tan Rufina. Yule mama hana mzaha na mtu, rozari za kijiji kizima anaongoza yeye, na kila mwaka anampelekea mzee yule sahani kabla ya padri. Mnadhani bure? Wakanyamaza wote! Kwa hiyo tumesema ubao umkabidhi wewe."

Niliendelea kukuna mpaka kifuu kikalia kwenye chuma. Miaka thelathini na sita nadhani namwekea mtu makaa, kumbe namvisha taji.

"Nitamkabidhi," nikasema.

Sasa niseme nilichokuwa nacho moyoni. Mwaka ule wa vita, Wamarekani walipoanza kupiga kisiwa mizinga kutoka baharini, Wajapani walituswaga sisi sote kwa miguu hadi bonde la Manenggon. Mvua ilinyesha, tope lilifika magotini, aliyeanguka alipigwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amechukuliwa kufanya kazi ya kuchimba, hakurudi. Mama alinibeba mimi kwa maneno tu, mgongoni akambeba mdogo wangu Venancio, mwenye miaka minne na homa. Mchele wetu wote ulikuwa ndani ya mkono wa shati la baba, umeshonwa huku na huku. Kule bondeni ukawa mto wa Venancio. Alikuwa anaulalia.

Asubuhi moja mama alikwenda mtoni kuchota maji. Eusebio akaja chini ya makuti yetu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akinitengenezea kishada. Akasema, "Rufina, mama yako kanituma. Wajapani wanakagua. Nipe mchele niufiche."

Nikakiinua kichwa cha mdogo wangu taratibu ili asiamke. Nikautoa. Nikampa.

Venancio alikufa siku ya tatu. Wamarekani walifika siku mbili baadaye na makopo ya nyama, wakamwaga peremende kwa watoto. Mimi nilikula peremende zile.

Mama hakunipiga. Alisema tu, "Nyamaza, mwanangu. Huyu ni jirani." Kwetu sisi kuona haya ni ukuta wa nyumba. Mtu akikukosea humtangazi mbele ya watu, maana ukimtangaza wewe ndiye utakayeitwa huna haya. Mama hata kwenye matanga ya mama yake Eusebio alikwenda, akapika, na alikufa na neno lake hilo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Baada ya misa uwanja ulijaa. Turubai kila mahali, moshi wa nyama, watoto wamepakwa rangi usoni kama paka, mashine ya kusaga barafu inanguruma, wanawake wanashindana kukuna nazi na waume zao wanawazomea. "Kaza, mama Lina! Hiyo nazi au jiwe?" "Jiwe ni kichwa chako!" Binti yangu Bernadita alikuwa anagawa juisi.

Nikaijaza sahani. Nikavuka uwanja.

Eusebio alikuwa ameketi mbele, amevaa shati jipya la maua, fimbo katikati ya magoti. Nikamwekea sahani mapajani.

"Kula, Tun Eusebio. Wewe umezoea kula kwanza."

"Kila mwaka maneno hayo hayo!" akacheka. "Siku ukibadilisha nitajua nimekufa."

"Unajua kwa nini nayasema?"

Akaacha kucheka. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Rufina, mambo ya siku ile wewe si umeshasamehe? Ramon aliniambia."

"Ramon gani?"

"Ramon wako. Tangu sahani ya kwanza. Nilimwendea, nikamwambia mkeo ananisema mbele ya watu. Akanijibu, kula na unyamaze, ndiyo njia yake ya kuyamaliza."

Nilihisi jua limenisogelea. "Ramon alijua?"

"Angekosa kujua vipi? Tulikuwa kumi na mmoja chini ya makuti yangu. Mama yangu mgonjwa, Soledad na kachanga kake hako kalikokuja kuwa meya, shangazi zangu, na Ramon, mtoto asiye na mtu. Naye alipata viganja viwili. Aliuona mkono wa shati nilipoufumua, akaniuliza, shati la nani? Nikamwambia." Akachukua ubavu mmoja, akaurudisha. Kisha akanikazia macho, na nikamwona Eusebio yule wa miaka ishirini. "Najua unataka nini na kile kipaza sauti. Haya. Ukinitaja mimi, mtaje na mumeo. Binti yake yule pale anagawa juisi. Nenda."

Alidhani amenifungia mlango.

Meya aliniita. Nikapanda jukwaani, nikaongoza Baba Yetu na Salamu Maria kumi, polepole, sikuruka neno. Watu wakaitikia amina. Meya akanipa ubao. Ulikuwa mzito, mbao nzuri, maua yamechongwa pembeni.

Nikasema, "Ubao huu umeandikwa, Aliyetulisha Manenggon. Aliyechonga amemchongea mtu jina lisilo lake."

Watu wengine wakacheka, wakidhani natania.

"Aliyewalisha aliitwa Venancio Naputi. Alikuwa na miaka minne. Ni mdogo wangu. Mchele ulikuwa wake, alikuwa anaulalia. Mimi mwenyewe niliutoa chini ya kichwa chake nikampa Eusebio Quinata, kwa sababu Eusebio aliniambia mama kamtuma. Mama hakumtuma. Siku ya tatu tulimfukia Venancio kwa mikono, maana jembe hatukuwa nalo."

Mashine ya barafu ilikuwa bado inanguruma. Mtu akaizima.

"Waliokula walikuwa kumi na mmoja. Tan Soledad alikula. Meya alinyonya. Na Ramon, mume wangu, alikula. Akajua chakula ni cha nani, akanioa, akalala kitanda kimoja na mimi miaka thelathini na moja, akanyamaza." Niliona Bernadita ameshika jagi na juisi inamwagikia miguuni. Sikuacha. "Mlidhani sahani ninayompelekea mzee huyu ni shukrani. Haikuwa shukrani. Sasa, Tun Eusebio, njoo uchukue ubao wako."

Hakuinuka. Nikangoja. Mimi ni mtu wa rozari, kungoja nakujua.

"Njoo, Tun Eusebio. Watoto wanataka kukimbia."

Akainuka. Sahani ikadondoka, mbwa akaiwahi. Ni hatua ishirini hivi kutoka kwenye viti mpaka jukwaani, na hakuna hata mmoja aliyempa mkono, wala bintiye. Alipofika alikuwa anahema. Nikakishusha kipaza sauti mpaka mdomoni mwake.

"Sema jina lake."

"Mama yangu alikuwa mgonjwa, Rufina..."

"Sijakuuliza mama yako. Mama yako nilimwombea mimi rozari tisa. Sema jina la mtoto."

"Miaka yote nimekuwa nikimkumbuka kama yule mtoto. Jina sikulijua."

"Ukuta kwa ukuta tulikaa, na jina hukulijua?"

"Sikulitaka kulijua."

"Nimeshakutajia. Lirudie."

"Venancio."

"Na la ukoo."

"Venancio Naputi."

"Rudia. Wa nyuma hawakusikia."

Alirudia. Nikamwambia arudie tena. Kila mara sauti ilizidi kupungua, na mara ya tatu ilikuwa pumzi tu kwenye spika. Nitasema kweli mbele ya Mungu: nilisikia raha. Ilianzia kwenye nyayo ikapanda mpaka kichwani, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu utotoni.

Hakuuchukua ubao. Aliuacha ukiegemea nguzo, akashuka, akapita katikati ya turubai mpaka kwenye gari la bintiye. Wakaondoka. Meya alisimama pale na karatasi yake ya hotuba, halafu akaukunja uso, akaugeuza ubao ukatazama nguzo.

Kule mwisho wa uwanja watoto walikuwa wamesimama kwenye mstari muda wote, kila mmoja ndani ya gunia lake. Mmoja akapaza sauti, "Bado tu?" Mwalimu wao hakujua la kufanya, akapuliza filimbi. Wakakimbia, wakianguka na kupiga kelele, na hakuna mtu mzima aliyewatazama.

Tan Soledad, mama yake Meya, alinifuata kwenye meza yangu. Miaka sabini na mbili, amekonda, lakini ulimi wake mzima.

"Huna haya, Rufina. Huna haya kabisa. Ungekuja jikoni kwangu ukaniambia. Miaka hamsini!"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningekaa na aibu yangu nyumbani kwangu. Si hapa, mbele ya wajukuu."

"Basi kaa nayo hapa, Soledad. Mimi nimekaa na yangu kila mahali."

Akaitazama sufuria ya wali mwekundu. Hakuchukua, na nyuma yake hakuna aliyechukua. Kwetu mtu haondoki kwenye sherehe bila kufungiwa chakula cha nyumbani, lakini siku ile niliwaona wakiondoka mikono mitupu, familia baada ya familia, wakiniaga kwa kichwa. Wachache hawakuniaga. Niliwahesabu kwa macho, na wale wachache nimewaweka moyoni.

Nikafunika sufuria, nikazipakia garini peke yangu. Bernadita aliendesha. Tulipita kanisani, tukapita nyumba ya Quinata iliyokuwa imefungwa madirisha yote na joto lile. Tulipofika darajani akapunguza mwendo.

"Mama. Ni kweli baba alijua?"

"Alijua."

"Alikuwa mtoto wa miaka kumi, mama. Alikuwa na njaa."

"Alipokula alikuwa mtoto. Aliponioa hakuwa mtoto."

Akayafuta macho kwa mgongo wa mkono, mkono mmoja kwenye usukani, akasema, "Padri atakuambia ukatubu."

"Nitakwenda. Nitamwambia nilichofanya, aniulize kama najuta, nimwambie bado. Hawezi kunilazimisha kudanganya kwenye kitubio."

"Na kesho Jumapili. Maua ya kaburini kwa baba nikakate, au tusiende?"

Nikaangalia nje. Uwanja ulikuwa umebaki nyuma, lakini filimbi ya watoto ilikuwa bado masikioni mwangu.

"Usikate maua," nikamwambia. "Lakini nipeleke mapema, kabla jua halijawa kali, na uniachie kiti. Nina maneno naye."