Meno ya Mikrometa

Siku niliyomaliza chuo sikulia, sikurusha kofia, wala sikupiga picha na mtu. Nilikuwa kwenye kigoda cha maabara nikikwangua nta kwenye kucha, huku mwalimu wetu wa vitendo akiinua juu ya taa taya langu la plasta, kama mtu anayeshuku yai viza. Huo ndio ulikuwa mtihani wa mwisho wa ufundi wa meno bandia: kupanga meno ishirini na nane, juu na chini. Mwalimu tulimwita Mikrometa, kama kile kifaa cha kupimia vitu vyembamba mno, kwa sababu kwake nusu milimita ilikuwa kosa la jinai.

"Huyu mgonjwa wako akicheka," akasema, "atatisha watoto."

"Ni plasta, mwalimu. Hacheki."

Akaandika kitu, akakifunika kwa kiganja. Kisha akaniuliza nitafanya nini hizo wiki nane za kusubiri matokeo. Nikamwambia nitalala. Akanitazama juu ya miwani, akachomoa mfukoni tangazo lililokunjwa mara nne. Mashindano ya michezo mitatu mfululizo: kuogelea bwawani, baiskeli kilomita ishirini na mbili msituni, halafu kukimbia kilomita sita vilimani. Lami hakuna, labda ujiletee.

"Mimi nashiriki kila mwaka," akasema. "Wewe umekaa kwenye kigoda hicho miaka mitatu. Mgongo wako umeanza kufanana na alama ya kuuliza."

Sijui ni shetani gani aliyenipitia. Nadhani nilitaka kumshinda mtu yule kwenye jambo moja tu kabla sijafa. Ana miaka sitini na moja, miguu kama penseli. Nikajiambia, huyu namweza.

Mama ni fundi cherehani, na habari zote huzipokea akiwa na pini mdomoni.

"Kwa hiyo nimesomesha mtu miaka mitatu ili akaanguke na baiskeli porini," akasema.

"Sitaanguka, Mama."

"Utaanguka. Ukianguka, linda mikono. Mikono ndiyo niliyoisomesha."

Kaka akaniazima baiskeli yake, yenye breki zinazolia kama mbuzi anayeonewa. Kuogelea nilijua kiasi cha kutozama. Kukimbia nilianza kwa kuzunguka mtaa wetu, na jirani wa kwanza kuniona akatoka mlangoni kuuliza nani amefariki.

Asubuhi ya mashindano tulikuwa watu sitini na wanane kando ya bwawa la kijani. Mikrometa alikuwa amevaa nguo ya kubana iliyoonyesha hata alichokula jana. Filimbi ilipolia, kila mtu akanipiga teke kwa zamu. Mwokoaji kwenye mtumbwi akanifuata karibu karibu, kwa upole ule wanaopewa wagonjwa mahututi. Nilipofika ufukoni, baiskeli zilizobaki zilikuwa mbili, moja yangu, na mwangalizi alikuwa anapiga miayo.

Msituni nikapata nguvu. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia kuwa uji, lakini nikawapita wawili, nikaanza kujiona mtu wa maana. Kwenye kilomita ya kumi na nne, baada ya daraja la magogo, nikaona baiskeli imelala kichakani na mzee amekaa kwenye tope, kiganja mdomoni.

"Mwalimu, umeumia?"

Akatikisa kichwa.

"Niite msaada?"

Akatikisa kwa nguvu zaidi. Kisha akaona sina mpango wa kuondoka, akashusha kiganja. Juu hakukuwa na jino hata moja.

"Yamejama," akasema, akimaanisha yamezama.

Nilisimama pale kama gogo. Miaka mitatu alituambia kwamba kazi nzuri ni ile isiyojulikana kama ni kazi, na miaka mitatu nilikuwa nikitazama mdomo ule ukinisuta, nisijue. Kama fundi niliona aibu. Nikatupa baiskeli, nikapiga magoti, tukaanza kupapasa tope kama watu wanaotafuta viazi. Wale wawili niliowapita wakanipita.

"Mnatafuta nini?" mmoja akauliza.

"Lenzi ya jicho," nikasema. Mikrometa akaangalia pembeni.

Niliyapata chini ya mzizi. Nikayasuuza kwa maji yangu ya kunywa, nikayainua kwenye mwanga. Ukingo mwembamba, rangi ya ufizi ikififia taratibu, na jino moja la mbele limeinama kidogo, kama meno ya watu yanavyoinama.

"Hili umelipinda makusudi?"

"Mtihani umekwisha," akasema nyuma ya kiganja. "Nipe meno yangu."

Akayavaa, yakalia tik, akarudi kuwa mwalimu. Akaniambia nimepoteza dakika tisa. Nikamwambia na yeye pia. Tukapanda baiskeli. Kwenye mteremko uliofuata nikaanguka, nikatua kwa tumbo, mikono ikiwa juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mama angejivunia.

Kukimbia tulianza pamoja, ikiwa kule kujikokota kunaitwa kukimbia. Katikati ya kilima nikamuuliza meno yake halisi yalikwenda wapi.

"Baiskeli," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Meno bandia ya kwanza nilitengenezewa na mtu asiyejali nusu milimita. Nilikula supu miaka miwili. Sikuwahi kucheka mbele ya msichana." Akahema hatua kadhaa. "Ndiyo nikaenda kusomea mwenyewe."

Nilikumbuka mara zote nilizomtukana kimoyomoyo nikiwa na tupa ya kusawazishia meno mkononi.

Zilipobaki mita mia mbili, nilipokuwa bado nimejaa huruma, akachomoka. Hakuaga. Aliniacha kama kituo cha basi.

Mama alikuwa kwenye mstari wa mwisho na taulo. Akaikagua mikono yangu kwanza, kidole kwa kidole, ndipo akanikumbatia na tope langu lote.

"Yule mzee mwenye meno mazuri ndiye kakushinda?"

"Ndiye, Mama."

Matokeo ya chuo yalipotoka nilikuwa nimefaulu vitendo kwa alama ambayo Mikrometa hajawahi kumpa mtu, nayo si kubwa hivyo. Sasa nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Kisa cha tope nilikitunza, mpaka niliposikia yeye mwenyewe amekisimulia kwa darasa jipya, akiongeza kwamba lenzi ndio uongo pekee wenye akili niliowahi kusema.

Mama naye huwaambia wateja wake kuwa nilikuwa mtu wa sitini na saba. Tulikuwa wangapi, hakuna aliyemuuliza, na yeye hajitolei kusema.